Nusu ya Meli Haikufichwa

“Fundi, nusu nyingine iko wapi?” Kila anayeniletea hapa Mbalizi nakala ya mchoro wa meli ya kivita ya Mwingereza huanza na swali hilo. Wengine wameshalilipia jibu: nusu iliyobaki ilifichwa na Mjerumani, na waliyo nayo ni ramani ya hazina yake.

Hakuna kilichofichwa. Ubavu wa kushoto wa meli ni sawa na wa kulia, kwa hiyo mchoraji wa karne ya 19 alichora mmoja tu. Kwenye mchoro wa mataruma (mbavu za kiunzi cha meli) alibana zaidi: upande huu wa mstari wa kati yale ya tezi (nyuma), upande wa pili ya omo (mbele). Herufi na namba ambazo matapeli huzisoma kama hatua za kutembea ni majina ya mataruma hayo: herufi toka katikati kwenda omo, namba kwenda tezi. Na ule msalaba ndani ya duara, ambao watu wanaufuata kwa sururu hadi kwenye mashamba ya jirani, ni alama ya taruma pana kuliko yote. Basi.

Chukua mfano wa HMS London, meli ya kivita ya Mwingereza. Ilishushwa majini Chatham mwaka 1840, na miaka ya 1870 ikatia nanga Unguja, ikawa kituo cha mashua zilizosaka majahazi ya watumwa. Iliuzwa ikavunjwe mwaka 1884. Utawala wa Mjerumani ulianza baadaye: chama cha ukoloni cha Carl Peters kilipewa hati ya ulinzi na Kaizari Februari 1885. Mchoro uliotangulia utawala wa Mjerumani kwa zaidi ya miaka arobaini unaonyeshaje alipozika rupia zake? Mtu anauza mbuzi kumlipa mganga asome mistari ambayo mwanafunzi wa ufundi angemsomea bure! Inaniuma.

Unataka kuunda modeli? Skeli ya kawaida ni 1:48. London, iliyozidi mita 60, itakutoka zaidi ya mita moja na robo. Pima kwanza mstari wa skeli, maana fotokopi hupotosha. Nakili kila taruma kwenye karatasi, ikunje kwenye mstari wa kati, kata, umepata pande zote mbili. Mataruma kwa plaiwudi, ngozi ya nje kwa vipande vyembamba vya paini ya Sao Hill. Una mchoro halisi? Ulaze bapa pakavu, usiukunje, usiubandike selotepu. Ukihitaji mwingine, mkusanyiko mkubwa uko kwenye makumbusho ya Greenwich, London, na orodha yake inasomeka mtandaoni.