Mji wa Waswahili Kando ya Mto Nairobi: Ziara ya Msomi katika Mitaa ya Eastlands

Kila mwaka wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vikuu vyetu hufunga safari kwenda pwani. Huenda Mombasa na Lamu, na wenye uwezo zaidi huvuka hadi Unguja, ili wajionee mazingira yaliyoizaa fasihi wanayoisoma. Safari hizo zina manufaa yake, wala makala haya hayakusudii kuzibeza. Linaloshangaza ni kwamba basi la wanafunzi hao, likiondoka Nairobi, huupa kisogo mji mwingine wa Waswahili ulio mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka katikati ya jiji. Mji huo ni Pumwani pamoja na mitaa jirani yake: Kariokor, Ziwani, Majengo, Gikomba, Shauri Moyo na Kaloleni. Umekaa kwenye kingo mbili za Mto Nairobi, una misikiti yake, masoko yake na kumbi zake, na umri wake umetimia karne moja.

Katika semina zetu Eastlands huingia kwa mlango mmoja tu, nao ni Sheng. Tasnifu juu ya Sheng ni nyingi, na si vibaya. Hata hivyo, mtu akizisoma zote anaweza kudhani kwamba Kiswahili kilifika katika mitaa hii kikiwa tayari kimevunjwavunjwa na vijana. Ukweli ni kwamba Kiswahili kilitangulia, tena kikiwa lugha ya nyumbani, ya ibada na ya biashara, na ushahidi wake bado unaonekana kwa macho. Makala haya yanaeleza baadhi ya mambo ambayo mgeni wa siku moja anaweza kuyaona na kuyasikia huko, na sababu za kutoichelewesha ziara hiyo.

Nairobi ilipoanza mwaka 1899 kama kituo cha reli, ilianza na Waswahili ndani yake. Wapagazi wa misafara, askari, mafundi, wapishi na wachuuzi walijijengea vijiji pembezoni mwa kituo: Mombasa, Maskini, Kaburi, Pangani na vinginevyo. Anayejua historia ya misafara hatashangaa kuyakuta majina ya Mombasa na Pangani huku bara. Pangani ya Tanzania ni mji wa kale uliopo mlangoni mwa mto wenye jina hilo hilo, nao ulikuwa mmoja wa milango mikuu ya misafara. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilitenga eneo moja la kuwakusanyia Waafrika, ikalipima viwanja, kisha ikaanza kuvibomoa vijiji vile. Eneo hilo ndilo Pumwani. Waliopewa viwanja walijijengea wenyewe, na sehemu waliyoijenga ingali ikiitwa Majengo. Kijiji cha Pangani kilistahimili zaidi. Kilibomolewa kati ya mwaka 1938 na 1939, na wakazi wake wakahamishiwa Shauri Moyo, ambako nyumba zilijengwa na Baraza la mji lenyewe.

Ziara ianzie Kariokor. Jina hili ni la jeshi la wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Carrier Corps, lililotamkwa kwa ulimi wa Kiswahili. Dar es Salaam wana Kariakoo yao kutokana na asili hiyo hiyo, na kulinganisha matamshi hayo mawili ni zoezi zuri kwa darasa la fonolojia. Zaidi ya watu laki moja walichukuliwa kutoka Kenya kwenda kubebea jeshi la Waingereza mizigo, na makumi ya maelfu hawakurudi. Leo mahali hapo pana soko la vyondo, mikoba ya mkonge, viatu vya ngozi na nyama choma. Msomi anayetoka hapo kwenda Pumwani atakuta pia Ukumbi wa Kumbukumbu wa Pumwani, uliojengwa miaka ya 1920 kwa heshima ya Waafrika waliokufa katika vita hivyo. Sanamu ya wapiganaji na wapagazi iliyoko Barabara ya Kenyatta ndiyo inayopigwa picha na watalii, na kwa hakika ina maandishi ya Kiswahili yanayostahili kusomwa. Lakini ukumbi wa Pumwani ulijengwa miongoni mwa jamaa za marehemu wenyewe, ukatumika kwa mikutano na ngoma zao.

Pumwani kwenyewe hakuhitaji haraka. Neno hili wengi hulihusisha na kupumua au kupumzika. Umbo la mahali, yaani kiambishi -ni, liko wazi. Shina ndilo la kujadiliwa. Si jina la Nairobi pekee. Upande wa Witu, karibu na Mto Tana, palikuwa na ngome iliyoitwa Pumwani, ambayo majeshi ya Uingereza yaliishambulia mwaka 1893 pamoja na ile ya Jongeni. Mwanafunzi wa onomastiki anayetafuta mada ya tasnifu aanze na swali hilo: je, jina lilisafiri na watu, au lilizaliwa mara mbili?

Humo Majengo ndimo mna nyumba za Kiswahili zilizosalia. Ramani yake anaijua kila aliyewahi kufika pwani: mlango wa mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba kushoto na kulia, na ua nyuma. Kuta zilikuwa za miti na udongo, na paa nyingi za mwanzo zilitengenezwa kwa madebe ya mafuta ya taa yaliyokunjuliwa na kunyooshwa. Mwenye nyumba aliishi katika chumba kimoja akavipangisha vingine. Mtafiti Janet Bujra, aliyechapisha kazi yake juu ya Pumwani mwaka 1975, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya wenye nyumba hao walikuwa wanawake. Walitoka katika makabila mbalimbali ya bara, wakajitafutia mali kwa njia walizoweza, ukiwemo umalaya, wengi wakasilimu, wakaitwa Waswahili. Hapa ndipo ile mijadala yetu ya darasani kuhusu swali la Mswahili ni nani inapopata mwili na damu. Bibi aliyezaliwa na wazazi wa Kikuyu au Kinandi, akazikwa na Waislamu wenziwe wa Majengo, akaacha nyumba na wapangaji, tumwite nani? Nadharia zinazotegemea nasaba ya pwani peke yake hazimwezi.

Msikiti wa Riyadha wa Pumwani nao una la kusema. Jina lake linamrudisha msomaji Lamu, kwenye Msikiti wa Riyadha unaohusishwa na Habib Saleh, na hivyo kuonyesha kwamba miji hii miwili ilikuwa ikitazamana. Mgeni asiye Mwislamu aombe idhini kwanza, avae kwa heshima, na asiende wakati wa swala ya Ijumaa. Hatua chache kutoka huko ipo hospitali ya wazazi ya Pumwani, iliyoanza mwaka 1926, ambamo wakazi wengi wa Nairobi walizaliwa. Kuna hata barabara iitwayo Digo, na asiyejua Wadigo wanaishi wapi na aiangalie ramani ya pwani ya kusini.

Mteremko kutoka Majengo unaishia Gikomba, na ndani ya Gikomba unapita mto. Tuseme ukweli: mto wenyewe hauvutii. Maji ni meusi, kingo zimejaa taka, na harufu yake humpokea mgeni kabla hajauona. Soko la mitumba limeungua mara nyingi na kila mara likasimama upya. Mgeni ashike mkoba wake mbele, asitoe simu ovyo, na asikilize. Wito wa wachuuzi una mizani na urari wa vina ambao mwalimu wa ushairi hahitaji kuutafuta kwingine.

Jirani yake ni Kamukunji. Kwa mwanafunzi wa chuo kikuu kamukunji ni nomino ya kawaida: mkutano wa dharura wa wanafunzi, wenye hotuba kali na aghalabu wenye kuishia barabarani. Wengi hawajawahi kukanyaga uwanja uliotoa neno hilo. Ni hapa ulipoitishwa mkutano wa tarehe 7 Julai 1990 wa kudai vyama vingi, uliopigwa marufuku, na kwa sababu yake Kenneth Matiba na Charles Rubia wakawekwa kizuizini kabla ya siku yenyewe. Kutokana na tarehe hiyo tukapata Saba Saba. Karibu na uwanja huo wapo mafundi wanaofua masanduku ya bati, majiko, makarai na mapipa mchana kutwa. Rais Moi aliwatembelea mwaka 1985 akaahidi vibanda vya kuwakinga na jua, na usemi jua kali ukaendelea kuenea hadi ukaingia katika vitabu vya wanauchumi wa nchi za nje bila kutafsiriwa. Sijui ni istilahi ngapi za kamati zetu zilizopata bahati hiyo.

Ng'ambo ya mto ni Shauri Moyo. Jina hili ni tungo zima: nomino mbili zimewekwa bega kwa bega bila kihusishi, kama mtu amwambiaye mwenziwe kwamba uamuzi ni wa moyo wake. Ukikumbuka kwamba wakazi wa kwanza walikuwa watu waliobomolewa nyumba zao Pangani, jina linasikika kwa namna nyingine. Soko la Burma lililo karibu limepewa jina hilo kwa ajili ya askari Waafrika waliopigana Burma katika Vita vya Pili.

Ukivuka Barabara ya Jogoo unaingia Kaloleni, mtaa wa miaka ya 1940, wenye nyumba za chini, miti, na viwanja vya nyasi vinavyouzunguka ukumbi wa jamii. Katika ukumbi huo chama cha KAU kilifanya mikutano, na wakazi waliuita bunge lao wakati ambapo bunge halisi lilikuwa la wengine. Jina Kaloleni lipo pia Mombasa, Kilifi na kwingineko. Wapo wanaolieleza kuwa ni amri, yaani nendeni mkatazame, kutokana na kitenzi lola cha baadhi ya lugha za Kibantu. Ikiwa ni hivyo, basi -ni ya Kaloleni ni ya wingi wa watu wanaoamrishwa, si ya mahali kama ile ya Ziwani, Gorofani au Makongeni.

Nimesema ziara isicheleweshwe. Nyumba za zamani za mtaa wa Pangani zilibomolewa mwaka 2020 ili kupisha maghorofa, na hivyo jina hilo likabomolewa mara ya pili. Baada ya mafuriko ya mwaka 2024 serikali iliamuru watu wahame mita 30 kutoka kingo za mito ya jiji. Mwaka 2025 wakazi wa Makongeni walitakiwa kuondoka kwa ajili ya mradi wa nyumba za gharama nafuu. Wakazi wanahitaji nyumba bora, na si haki kumtaka mtu aishi katika udongo unaovuja ili msomi apate cha kupiga picha. Lakini nyumba ikibomolewa wapangaji hutawanyika, na pamoja nao masimulizi, nyimbo za harusi, mafumbo na matamshi ambayo hayajarekodiwa. Idara yenye kinasa sauti na wanafunzi 20 inaweza kufanya kazi kubwa kwa juma moja, mradi iwaombe wazee ruhusa na kuwarudishia nakala.

Mwisho wa njia ni Mbotela. Mtaa huu unamkumbuka Tom Mbotela, kiongozi wa KAU na mwanabaraza, aliyeuawa Novemba 1952, majuma machache baada ya hali ya hatari kutangazwa. Ukoo wake ni wa Frere Town, ukoo uliotupa James Juma Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa (1934), kitabu tunachokijadili kila mwaka tukibishana iwapo kinawasifu mno Waingereza. Mjadala huo unaweza kufanyiwa hapo hapo, kwenye kibanda cha chai. Matatu za kurudi mjini hupita Barabara ya Jogoo.