Faili Ndogo, Kazi Kubwa: Mwanafunzi Aliyepunguza Muziki

Parokia nyingi zimeachana na kanda, na sasa nyimbo za kwaya na mahubiri hutunzwa kwenye flashi au kadi ya simu. Faili nyingi kati ya hizo ni za MP3. Asili yake ni kazi ya mwanafunzi mmoja wa uhandisi huko Ujerumani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Profesa Dieter Seitzer wa Chuo Kikuu cha Erlangen-Nuremberg alitaka muziki upitishwe kwenye laini ya simu ya kidijitali. Aliomba hataza, lakini mkaguzi alimkatalia akisema jambo hilo haliwezekani. Profesa alitafuta mwanafunzi wa kulishughulikia, akampata Karlheinz Brandenburg, aliyesomea uhandisi wa umeme na hisabati.

Tuone ugumu ulikuwa wapi. Sauti ya CD hupimwa mara 44,100 kila sekunde, kila kipimo biti 16, upande wa kushoto na wa kulia. Ukizidisha unapata biti 1,411,200 kwa sekunde. Njia mbili za laini ile zikiunganishwa zilibeba biti 128,000 tu. Maana yake, katika kila sehemu kumi na moja ilibidi kumi ziondolewe, na msikilizaji asitambue!

Msaada ulitokana na udhaifu wa sikio. Lori likipita nje ya kanisa, mhubiri hajanyamaza, ila sisi hatumsikii. Vivyo hivyo ndani ya muziki, mlio mkubwa huficha mlio mdogo ulio karibu nao. Programu hukadiria kile ambacho sikio litakikosa, kisha hukiandika kwa biti chache au hukiacha kabisa.

Brandenburg alimaliza tasnifu yake mwaka 1989. Karibu na wakati huo alijaribu wimbo wa Suzanne Vega uitwao "Tom's Diner", ambao mwimbaji anaimba peke yake bila ala yoyote. Programu iliyofanya vizuri kwa muziki mwingine ikaharibu sauti ya mama huyo, ikatoka na mikwaruzo. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye fundisho la kiufundi: hapakuwa na ngoma wala gitaa la kuficha kasoro, na sauti ya binadamu tunaijua mno. Aliusikiliza wimbo huo mara nyingi sana huku akirekebisha, hadi ukasikika vizuri. Mbinu hiyo iliingia katika kiwango cha kimataifa cha MPEG mwaka 1992, na jina la MP3 likachaguliwa mwaka 1995.

Sasa turudi kwetu. Saa moja ya rekodi isiyopunguzwa, ya aina ya WAV, huchukua megabaiti 635 hivi. MP3 ya biti 128,000 kwa sekunde huchukua kama 58. Nafuu ni kubwa, lakini kilichoondolewa hakirudi tena. Ukiifungua MP3, ukaihariri na kuihifadhi tena kama MP3, unapunguza mara ya pili, na waimbaji wa sauti ya kwanza ndio huanza kusikika kama wako ndani ya debe. Rekodini kwanza kwa WAV, haririni hiyo, kisha mtoe MP3 za kugawia waumini. Na kamati inayoomba fedha za kinasa sauti iombe pia diski ya kutunzia rekodi hizo za awali.