Haut-Katanga: Kijani peke yake hakitoshi kusema ardhi ya mgodi imepona

Lubumbashi – Mvua ikianza mwezi wa 11, hata ardhi iliyochimbwa madini huonekana kijani. Lakini je, imepona?

Sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inalazimisha makampuni kutengeneza upya ardhi na kuweka dhamana ya pesa kwa kazi hiyo. Kumebaki swali la kipimo.

Wataalamu wa mimea hupima kwa kulinganisha. Wanaweka fremu ya mita moja kwa moja chini, wanakadiria sehemu ya udongo iliyofunikwa na majani, kisha wanahesabu aina zake. Wanafanya vilevile, msimu uleule, kwenye pori la karibu ambalo halijaguswa.

Pori hilo lazima lichaguliwe vizuri. Juu ya vilima vya shaba vya Katanga, miti ya miombo ni michache. Huko huota nyasi na maua yanayovumilia shaba na kobalti, mengine hayapatikani pengine duniani. Kujaza mikaratusi hapo si kurudisha hali ya zamani.

Mtaani Penga Penga, moshi wa kiwanda cha kuyeyusha shaba uliharibu udongo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walijaribu huko nyasi, pamoja na chokaa na mbolea. Nyasi ikishika udongo, vumbi lenye sumu halipeperuki ovyo kuelekea nyumba za wakaaji.

Kwa hiyo, mkaaji akionyeshwa uwanja wa kijani, aulize: kuna aina ngapi za mimea, na zipi zinabaki wakati wa kiangazi?