Ujirani kama Njia ya Kushirikisha Imani ya Kikristo: Kutoka Karema hadi Katandala

Makala haya yanafafanua namna imani ya Kikristo inavyoshirikishwa kwa watu wa karibu katika Ufipa. Hoja yake kuu ni kwamba imani hiyo haikuenea kwa mahubiri pekee, bali ilibebwa pia na huduma, malezi na ujirani. Na kwamba ujirani huo una masharti yake ya kimaadili.

Kielelezo cha awali kinapatikana Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako Wamisionari wa Afrika walikabidhiwa ngome ya Wabelgiji mwaka 1885. Hapo ndipo alipotumikia Adrien Atiman. Alizaliwa katika bonde la mto Niger, akatekwa utumwani angali mtoto, akakombolewa, kisha akasomea utabibu Malta. Aliwasili Karema mwaka 1889, akaoa mwanamke mwenyeji, na akaendelea kuwa katekista na tabibu hadi alipofariki mwaka 1956. Kwa miaka 67 mafundisho yake hayakutenganishwa na maisha yake: aliyemsikiliza alimfahamu kwanza kama mkwe, jirani na mganga.

Katika nyanda za juu, mchango wa jamii yenyewe haupaswi kusahaulika. Kathleen Smythe, katika utafiti wake kuhusu familia za Wafipa wa Nkansi uliochapishwa mwaka 2006, anaonesha kwamba Wafipa waliwapa wamisionari nafasi ndani ya utaratibu wao wa kulea watoto. Hivyo, wenyeji hawakuwa wapokeaji tu; wao ndio waliowafungulia wageni mlango.

Urithi huo unaendelezwa leo na Jumuiya Ndogondogo za Kikristo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia AMECEA, walizifanya kipaumbele cha kichungaji mwaka 1976. Wanajumuiya husali nyumba kwa nyumba, hutembelea wagonjwa na kufariji wafiwa. Hata hivyo, katika kata ya mjini kama Katandala, Sumbawanga, Wakatoliki huishi bega kwa bega na Wamoravian, Wapentekoste, Waislamu na wengineo. Hapa hujitokeza hatari mbili. Ya kwanza ni jumuiya kujifungia, ikauruka mlango wa jirani asiye wa dhehebu lake. Ya pili ni msaada kugeuzwa chambo, mhitaji akaona kwamba unga au dawa aliyopewa ina deni la kubadili dini.

Mipaka ya jambo hili iko wazi. Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania inalinda uhuru wa kueneza dini, na papo hapo inaifanya imani kuwa hiari ya mtu binafsi. Waraka wa Kwanza wa Petro (3:15) nao unamtaka mwamini awe tayari kueleza sababu ya tumaini lake kwa anayemuuliza, tena kwa upole na heshima. Agizo hilo linadokeza kwamba maisha ya mwamini ndiyo yanayoibua swali. Maneno huja kama jibu.

Kwa kuhitimisha, kipimo cha ushuhuda wa kweli si idadi ya waliobatizwa peke yake. Ni kama jirani aliyesikia na asikubali ataendelea kutembelewa akiugua, na kuzikwa kwa heshima ileile akifa.