Jamhuri kwa Jina, Kiingereza kwa Kazi: Lugha ya Bunge la Kenya, 1963–1979

Mtu akitoka Chuo Kikuu cha Nairobi kwa miguu kwenda Majengo ya Bunge, huweza kufuata Uhuru Highway, akakata Harambee Avenue, na baada ya hatua chache akawa langoni. Majina ya barabara hizo yanamfikirisha mwanafunzi wa lugha: kichwa ni cha Kiswahili, mkia ni wa Kiingereza. Makala haya yanadai kwamba ndivyo ilivyokuwa Jamhuri ya Kenya katika miaka yake ya mwanzo. Ilijiita kwa Kiswahili, ikatunga sheria kwa Kiingereza. Tofauti hiyo haikuwa ya pambo tu, kwani iliamua ni nani angeingia Bungeni na ni nani angebaki nje.

Tuanze na majina yenyewe. Tarehe 1 Juni 1963 Kenya ilipata Madaraka, yaani mamlaka ya kuendesha shughuli zake za ndani, na Jomo Kenyatta akawa Waziri Mkuu. Tarehe 12 Desemba 1963 ukaja Uhuru. Hata hivyo, Malkia Elizabeth II aliendelea kuwa mkuu wa dola, naye aliwakilishwa na Gavana Mkuu, Malcolm MacDonald. Ni tarehe 12 Desemba 1964 tu ambapo cheo hicho kilifutwa, Kenyatta akawa Rais, na nchi ikaitwa Jamhuri. Neno hili lina asili ya Kiarabu, na shina lake hurejelea umma, watu kwa wingi wao. Kwa maana ya neno lenyewe, basi, jamhuri ni dola ambayo mwenyewe ni umma.

Je, umma huo uliitwa kwa lugha gani? Wimbo wa taifa, ambao lahani yake inatokana na wimbo wa bembea wa Wapokomo, ulitungwa kwa maneno ya Kiswahili. Wito wa Harambee uliandikwa katika nembo ya taifa. Mwanasiasa aliyetaka kura nje ya eneo la kabila lake alihutubia kwa Kiswahili. Lakini katiba ya uhuru iliweka Kiingereza kuwa lugha ya Bunge, na kumtaka mgombea awe na uwezo wa kukisema na kukisoma vya kutosha kushiriki katika shughuli zake. Mkulima au mfanyabiashara mwenye busara na wafuasi, lakini asiye na elimu ya shule, aliweza kupiga kura, hakuweza kupigiwa. Aidha, mpiga kura aliyeketi katika jukwaa la wageni angeweza kumsikiliza mbunge wake asimwelewe.

Haifai kudhani kwamba hali hii ilitokana na dharau pekee. Sheria zilirithiwa zikiwa katika Kiingereza, na mawakili na makarani walikuwa wamefunzwa kwa lugha hiyo. Hata hivyo, Tanzania ilikuwa na urithi kama huo, na bado mwaka 1967 serikali yake ilitangaza Kiswahili kuwa lugha ya shughuli zake.

Nchini Kenya, chama cha KANU kilipitisha azimio la kukifanya Kiswahili lugha ya taifa mwaka 1970. Tarehe 4 Julai 1974 Rais Kenyatta akaamuru kitumike Bungeni, na katiba ikarekebishwa ili amri hiyo ipate nguvu ya sheria. Papo hapo tatizo jipya likazuka: wabunge walijadili kwa Kiswahili miswada iliyoandikwa kwa Kiingereza. Marekebisho ya mwaka 1975 yaliidhinisha hali hiyo, kwa kuruhusu miswada na sheria zibaki katika Kiingereza. Mwaka 1979 Kiingereza kilirudishwa katika mijadala sambamba na Kiswahili, na mgombea akatakiwa azimudu lugha zote mbili. Lango lililokuwa na kufuli moja sasa likawa na mbili.

Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini historia tuliyoieleza inaonyesha kuwa amri ya kusema haitoshi pasipo kazi ya kuandika. Mwaka 1974 Kiswahili kilipewa kinywa bila kupewa kalamu. Waliokosekana ni watafsiri wa sheria, waundaji wa istilahi na waandishi wa miswada, na hao hawazaliwi kwa tangazo. Hufunzwa madarasani mwetu.

Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Jamhuri ni jina jema. Kazi ya kulifanya ling'are katika maandishi ya sheria ni yetu sisi tunaosoma lugha hii.