Bukavu ya kila siku na barabara ya Bunyakiri

Nadharia za maisha ya kila siku huanzia kwenye mambo ambayo wataalamu wengi waliyapita bila kuyatazama: namna watu wa mji wanavyotembea, wanavyopika, wanavyonunua na kusalimiana njiani. Mwaka 1903 Mjerumani Georg Simmel aliandika kwamba wingi wa haraka, fedha na nyuso ngeni humfanya mkaaji wa mji mkubwa ajikinge kwa ubaridi. Mfaransa Henri Lefebvre, kuanzia kitabu chake cha mwaka 1947, alionyesha jinsi utawala na biashara zinavyopenya hadi kwenye saa za mapumziko. Michel de Certeau akatazama upande wa pili. Katika kitabu cha mwaka 1980 alieleza kwamba wakubwa hupanga, lakini wadogo hukitumia kilichopangwa kwa namna yao wenyewe.

Fikra hizo zinapimika vizuri Bukavu, mji wa mashariki mwa Kongo, kwa kuwa mpango wa kikoloni ulikuwa bayana. Mji ulipoitwa Costermansville, Wazungu walikaa Ibanda, kwenye rasi zinazoingia Ziwa Kivu. Waafrika walitengewa Kadutu, juu mlimani, na katika miaka ya 1950 shirika la serikali ya kikoloni, Office des Cités Africaines, likawajengea nyumba za mtindo mmoja Bagira. Komini hizo tatu zingalipo. Ila nyumba za mbao zimepanda miteremko, vichochoro ambavyo hakuna aliyevichora vimekuwa njia kuu za miguu, na soko la Kadutu limefurika hadi barabarani. Mama anayetandika mboga zake ukingoni, akazikusanya upesi polisi wanapotokea na kuzitandika tena wakiondoka, hamiliki mahali, anautumia wakati. Hilo ndilo de Certeau aliloliita mbinu, tofauti na mkakati wa mwenye ofisi na ramani.

Sehemu ya pili ya kitabu cha de Certeau, iliyoandikwa na Luce Giard na Pierre Mayol, inahusu makazi na upishi. Giard aliona kwamba jikoni kuna elimu kamili inayopita kutoka mikono ya mama hadi ya binti, elimu isiyohesabiwa na shule. Kwa Bukavu, elimu hiyo haiishii kwenye mpaka wa mji. Chungu cha sombe kinataka mawese, na mawese mengi hutoka Bunyakiri, nchi ya Watembo katika teritwari ya Kalehe. Barabara yake hupita Miti, hukatiza Hifadhi ya Kahuzi-Biega, kisha huendelea hadi Hombo. Lori na pikipiki hupeleka chumvi, sabuni na nguo, na kurudi na mafuta, mihogo na ndizi. Njia ikikatwa na matope au vita, bei hubadilika Kadutu, na chakula cha jioni nacho hubadilika.

Watu pia husafiri kwa barabara hiyo. Tangu vita vya miaka ya 1990, familia nyingi za Bunyakiri zimekimbilia mjini kwa ndugu. Nyingine zimegawanyika, wazazi wakibaki mashambani huku watoto wakisoma Bukavu. Ubaridi aliousema Simmel hauelezi maisha haya. Mgeni hupokewa na mjomba, hujiunga na kanisa na chama cha watu wa kwao, huchangia msiba na likelemba, yaani mchango wa fedha wa kupokezana kwa zamu. Mwanaanthropolojia Clyde Mitchell aliona jambo la karibu na hilo katika utafiti wake wa mwaka 1956 kuhusu ngoma ya kalela kwenye migodi ya Rhodesia ya Kaskazini: wachezaji walivaa mavazi nadhifu ya kimjini huku wakisifu kabila lao. Ukabila huo haukuwa mabaki ya kijiji. Ulikuwa njia ya kutambuana mjini.

De Certeau, hata hivyo, hawezi kufuatwa hadi mwisho. Kusifu ujanja wa wadogo kunaweza kuficha gharama yake. Nyumba zilizosongamana Kadutu huungua kwa safu nzima, kwa kuwa gari la zimamoto halipiti vichochoroni. Mvua kubwa huporomosha ardhi pamoja na waliojenga juu yake. Kwa hiyo mtafiti wa maisha haya hulazimika kufanya kazi mbili: kukaa na muuzaji kuanzia alfajiri, akifuata kidumu cha mawese kutoka shambani hadi chunguni, na kuchunguza ni nani aliyeamua kwamba muuzaji huyo asiwe na meza sokoni.