Kuchagua Urefu wa Ribiti kwenye Tangi la Mafuta la Ndege

Katika ndege nyingi ndogo, tangi la mafuta si chombo kilichowekwa ndani ya bawa. Bawa lenyewe ndilo tangi: mabati ya alumini huungwa kwa ribiti mamia kadhaa, na kila kiungo hupakwa gundi ya kuzibia. Kila ribiti ni tundu lililotobolewa katika ukuta wa tangi. Ikikaa vibaya, mafuta yatavuja.

Ribiti huja na kichwa kimoja tayari. Fundi huipitisha kwenye tundu, kisha huigonga kwa upande wa kichwa huku upande wa pili ukiegemea kipande kizito cha chuma. Ncha iliyojitokeza hubonyea na kuwa kichwa cha pili. Kanuni ni hii:

Urefu wa ribiti = unene wa mabati yote + 1.5d

ambapo d ni kipenyo cha ribiti. Watahiniwa wengi huikariri 1.5 bila kujua ilikotoka, kisha huisahau ndani ya chumba cha mtihani. Tuitafute kwa hesabu ya ujazo wa mcheduara.

Kichwa cha pili kilicho sawa huwa na kipenyo cha 1.5d na kimo cha 0.5d. Ujazo wake ni π/4 × (1.5d)² × 0.5d, yaani π/4 × 1.125d³. Chuma hakipotei kinapogongwa, kwa hiyo ncha yenye kipenyo d lazima iwe imejitokeza angalau 1.125d. Lakini tundu hutobolewa pana kidogo kuliko ribiti ili iingie bila kulazimishwa, na chuma kinapobonyea hujaza kwanza nafasi hiyo. Ziada inayofikia 1.5d hulipia ujazo huo na kuacha akiba kidogo.

Sasa mfano. Bati la nje lina unene wa mm 0.8 na ubavu wa bawa mm 0.6. Ribiti ina kipenyo cha inchi 3/32, takribani mm 2.4.

Urefu = 0.8 + 0.6 + (1.5 × 2.4) = mm 5.0

Dukani hakuna ribiti ya mm 5.0. Ribiti za ndege hupimwa kwa sehemu za kumi na sita za inchi: namba 3 ni mm 4.8, namba 3.5 ni mm 5.6, namba 4 ni mm 6.4. Ukitazama namba tu utachagua 4.8 kwa sababu iko karibu zaidi. Kwa kiungo kikavu, huenda ingetosha. Kwa tangi, hapana: kati ya mabati kuna tabaka la gundi. Likiwa mm 0.2 tu, ncha ya ribiti ya 4.8 inabaki mm 3.2, yaani karibu 1.3d. Kichwa kitakuwa kifupi na chembamba. Chagua 3.5.

Usidhani basi kwamba ndefu zaidi ni salama zaidi. Ncha ndefu hupinda na kulala upande mmoja badala ya kutanuka sawasawa. Kuitoa ni lazima utoboe upya, na tundu likipanuka hapo ndipo matatizo halisi huanza. Ndiyo maana fundi makini hujaribu kwanza kwenye vipande vya mabaki vyenye unene uleule, vikiwa vimepakwa gundi.

Angalizo linalowapotezea wengi alama: ribiti yenye kichwa cha mviringo hupimwa kuanzia chini ya kichwa, lakini ile ambayo kichwa chake huzama na kulingana na bati hupimwa urefu wake wote, kichwa kikiwamo. Katika alama AN470AD4-4, AN470 ni aina ya kichwa cha mviringo, AD ni aina ya aloi, 4 ya kwanza ni kipenyo kwa sehemu za 32 za inchi, na 4 ya mwisho ni urefu kwa sehemu za 16.

Jaribu: Mabati mawili ya mm 1.0 na mm 0.6 yanaungwa bila gundi kwa ribiti ya kichwa cha mviringo yenye kipenyo cha mm 3.2. Tafuta urefu unaofaa na namba yake.

Jibu: 1.6 + 4.8 = mm 6.4, namba 4.